Sura ya Nne: Land Rover Chini ya Mgunga

Ukitoka Ngong mjini kuelekea Suswa, ukishapita Kibiko, ardhi inaporomoka na macho yanapata nafasi. Vilima vya Ngong vinabaki mgongoni, Bonde la Ufa linatandaa mbele, na Mlima Suswa umetulia kwenye upeo. Huko chini ndiko Ewuaso Kedong. Kwa Kimaasai ewuaso ni mto, lakini anayefika wakati wa kiangazi hukutana na vumbi kwanza: vumbi laini la majivu ya volkano, linaloingia kwenye viatu, kwenye chai na, jambo linalotuhusu katika sura hii, ndani ya chesisi za magari.

Nilikwenda huko kwa sababu ya gari moja. Lilikuwa nyuma ya boma, chini ya mgunga, limekalishwa juu ya mawe baada ya magurudumu kuazimwa na kutorudi. Mbuzi wawili walikuwa wamepanda boneti, na kuku alikuwa ametaga pale ambapo zamani palikuwa na kiti cha dereva. Land Rover. Rangi yake ya kijani ilikuwa imefifia ikawa kama jani la mkonge, na bampa, fremu ya kioo cha mbele na ncha za milango zilikuwa nyekundu kwa kutu. Mwenye boma, mzee wa miaka 70 hivi, aliniletea kigoda na kuniacha nimalize chai kabla ya kuzungumza biashara.

"Ilikuwa ya baba," akasema. "Ilibeba maziwa, ikabeba mbuzi, ikabeba wagonjwa na akina mama wa kujifungua. Siku iliyokataa kuwaka tukaisukuma hapo, na hapo ndipo ilipo. Sasa wewe mwanangu unayejua magari, hii ni ya pesa ngapi?"

"Mzee," nikamwambia, "nikikujibu leo nitakudanganya, au nitajidanganya mwenyewe."

Alielewa mara moja. Mtu aliyenunua ng'ombe maisha yake yote anajua kwamba bei haitajwi kabla ya kumzunguka mnyama, kumfungua mdomo na kumshika mgongo. Gari kuukuu ni hivyo hivyo, ila wengi wetu tukiliona tunatazama ngozi tu. Tunaona wekundu tunaogopa, au tunaona rangi mpya tunafungua pochi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Anza na swali la nani, si la ngapi. Gari hili ni nani? Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kiligawanywa kwa kibali, na alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kampuni ya Rover ikaamua kuvika gari lake jipya mabamba ya aloi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Uamuzi huo wa dhiki ndio unaotufanya tuzikute gari hizi leo katika maboma ya Kajiado. Alumini haishiki kutu nyekundu. Ngozi inadumu hata pale mifupa inapokwisha, na hapo ndipo mtego ulipo: Land Rover iliyokufa inaweza kuonekana nzima kwa miaka 20.

Kuna vizazi vitatu unavyoweza kukutana navyo kabla ya zile zilizokuja kuitwa Defender. Series I ilitengenezwa hadi 1958. Series II ikafuata mwaka huo, ikaboreshwa kuwa IIA mwaka 1961, na Series III ikaanza 1971. Watu huzitambua kwa uso. Taa zikiwa katikati, karibu na wavu wa redieta, wanasema ni II au IIA; taa zikiwa kwenye madgadi na wavu ukiwa wa plastiki, wanasema ni III. Kanuni hiyo inasaidia kwa mbali, lakini usiiwekee pesa. Taa zilihamia kwenye madgadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla Series III haijazaliwa. Na zaidi ya hapo, madgadi ya Land Rover yanafungwa kwa bolti. Fundi mwenye spana mbili na mchana mmoja anaweza kuipa gari ya 1964 uso wa 1975. Katika miaka 50 ya kazi, mbuzi na miti, ni Land Rover ngapi zilizobaki na uso wao wa kuzaliwa?

Kwa hiyo nilitoa futi kamba. Ukipima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kuanzia Series II fupi ina inchi 88, yaani sentimita 224 hivi, na ndefu ina inchi 109, karibu sentimita 277. Hii ya Ewuaso ilikuwa ndefu. Ndani, saa za dashibodi zilikuwa katikati badala ya kuwa mbele ya dereva, dalili ya kizazi kabla ya III. Dashibodi hubadilishwa mara chache kuliko uso, kwa hiyo mimi huiamini zaidi.

Halafu nikalala chali kwenye vumbi. Namba ya kweli ya gari hizi haipo kwenye kibati kilichopigiliwa ribeti mbele ya dereva. Kibati kinang'oka kwa bisibisi na kuwekwa kwenye gari jingine. Namba ya kweli imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chesisi, upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa. Miaka mingi ya matope na kutu huifunika. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri: usipeleke grainda pale. Ukisugua kwa grainda utakuwa umefuta ushahidi wa pekee unaoweza kukuokoa, na siku ukipeleka gari kukaguliwa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, chuma kilichosagwa mahali pa namba kitaonekana kama kazi ya mwizi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, tumia brashi ya waya kwa mkono, futa, kisha paka chaki nyeupe na kumulika tochi kutoka pembeni. Tarakimu hutokea moja moja. Baada yake kuna herufi inayoonyesha hatua ya marekebisho ya kiwandani. Mjukuu wa mzee alishika tochi na daftari, akawa anaandika ninachosoma. Tulirudia mara tatu hadi tukakubaliana kuhusu tarakimu moja ambayo ilikuwa 3 au 8.

Namba ya usajili nayo inazungumza, ingawa si kila mara inasema kweli yote. Namba za Kenya zisizo na herufi mwishoni ni za kabla ya utaratibu ulioanza 1989 na KAA. Ukiona namba ya zamani, gari lilisajiliwa kabla ya hapo. Lakini kinyume chake si lazima kiwe kweli. Magari mengi ya serikali yenye namba za GK yaliuzwa kwa mnada yakiwa yamezeeka, na aliyenunua alipewa namba mpya ya siku hiyo. Ndiyo maana unaweza kukuta Land Rover ya miaka ya 1960 imevaa namba ya miaka ya 1990. Hilo si kosa la mtu, ni historia. Linakuwa kosa pale namba ya chesisi, kibati na logibuku zinapotaja magari matatu tofauti.

Sasa tuje kwenye kutu yenyewe.

Chuma kikipata maji na hewa kinarudi kuwa udongo mwekundu, na udongo huo unachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu mabamba mawili yaliyobanana huvimba na kuachana, na rangi iliyo juu inanyanyuka kama ngozi iliyoungua. Kutu ya juu, ile ya unga unaobaki kidoleni, haina bei. Brashi, rangi ya kuzuia kutu, basi. Kutu yenye bei ni ile inayokula kutoka ndani kuja nje, na chesisi ya Land Rover ni boksi lililofungwa, la chuma cha unene wa kama milimita 2. Vumbi la Ewuaso huingia kwenye matundu yake na kukaa. Wakati wa kiangazi halina madhara. Mvua ikija, vumbi hilo hunywa maji na kuyashikilia wiki nzima huku nje gari limekauka. Kwa hiyo usidanganyike kwamba Kajiado ni kukavu na gari la huko lazima liwe zima. Ni kweli kwamba linapona zaidi kuliko gari la Mombasa, linaloshinda na kulala katika hewa ya chumvi. Lakini ukame huokoa nje kuliko ndani.

Uliza gari lilikuwa likibeba nini. Mzee alisema mbuzi, na mimi nikaenda moja kwa moja kwenye boriti ya nyuma ya chesisi, chini ya sakafu ya kubebea mizigo. Mkojo wa mifugo una chumvi, unapenya kwenye viungo na kukaa pale. Nilikuta boriti imekuwa kama mkate wa siku nne.

Uliza pia kama liliwahi kufanya kazi Magadi. Ziwa Magadi liko katika kaunti hii hii ya Kajiado, na kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka 1911, kwa hiyo si ajabu kukuta gari lililotumika kule likiuzwa bondeni. Maji ya ziwa lile ni makali kwa namna ya alkali, karibu pH 10, na alkali kali huondoa utando unaoilinda alumini. Gari la Magadi hukupa fumbo lililogeuzwa: ngozi isiyotakiwa kuoza ndiyo imetoboka. Ukiona unga mweupe chini ya mabamba, mahali alumini inapogusana na chuma, ujue unyevu umekuwa ukifanya kazi yake. Metali hizo mbili zikilowana pamoja, alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe kidogo kwenye kingo ni wa kawaida kwa Land Rover yoyote ya umri huo. Mabamba yanayovunjika kama maganda ya yai ni jambo jingine.

Vifaa vyangu ni vinne: nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, sumaku iliyofungwa kitambaa, na tochi. Nyundo ndiyo yenye kusema zaidi. Gonga chesisi kila upana wa kiganja, kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, sauti inakwenda mbali. Kilichooza kinajibu *pwa*, kama kugonga gunia. Mahali pa *pwa* sukuma bisibisi. Ikizama, weka alama ya chaki. Ukimaliza, simama mbali kidogo uhesabu alama, na uangalie ziko wapi. Alama kumi kwenye mikono ya pembeni inayoshika mwili ni kazi ya fundi wa kuchomelea ya siku chache. Alama mbili karibu na vishikio vya springi ni hatari, kwa sababu hapo ndipo uzito wote wa gari unapokaa.

Mahali pengine pa kupima ni ukuta wa chuma kati ya injini na dereva. Watu husahau kwamba huu si alumini. Unashika bawaba za milango, usukani na pedeli. Nyanyua zulia, kanyaga sakafu ya miguuni kwa kisigino, shika mlango uliofunguliwa na kuunyanyua. Mlango ukicheza pamoja na nguzo yake, nguzo imeoza chini.

Na sumaku? Kwenye Land Rover haisaidii sana, maana mwili mwingi hauvutwi. Faida yake ni kwenye magari ya mwili wa chuma, kama Toyota Land Cruiser za FJ40, Peugeot na Volkswagen. Pale sumaku inapoteleza bila kushika, chini ya rangi kuna fila, na chini ya fila kuna tundu.

Nililipa ada ya somo hili Kitengela, miaka kadhaa kabla ya Ewuaso. Nilinunua Land Rover iliyopakwa rangi nzuri ya maziwa, chesisi yake imepakwa lami nyeusi ing'aayo kutoka mbele hadi nyuma. Muuzaji alisema lami ni kinga. Nikaamini, sikugonga. Miezi sita baadaye, nikiwa na familia garini, kishikio cha springi ya nyuma kilikatika kwenye barabara ya murram na gari likakaa upande mmoja. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Fundi alipokwangua lami tulikuta vipande vya bati la nyumba vimechomelewa juu ya chuma kilichooza. Tangu siku hiyo nasema wazi: afadhali kutu iliyo uchi kuliko kutu iliyovikwa. Ile ya Ewuaso, na mbuzi wake juu, ilikuwa mwaminifu kuliko ile ya rangi ya maziwa.

Magari mengine nitayapitia haraka, maana kila moja litapata sura yake. Peugeot 404 na 504, zilizobeba abiria wa masafa marefu nchi nzima, hazina chesisi ya pekee kama Land Rover. Mwili wenyewe ndio mfupa, kwa hiyo kizingiti cha mlango kilichooza si urembo, ni uti wa mgongo. Kwenye Volkswagen Beetle ondoa kiti cha nyuma. Betri inakaa pale, na asidi yake hula sakafu.

Kuna neno moja linalopandisha bei kuliko yote katika nchi hii: Safari. Mashindano ya magari ya jina hilo yalianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na tangu hapo kila Peugeot 404 kuukuu ina mtu wa kuapa kwamba ilikimbia. Heshima ya gari hizo ni ya haki. 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika katika mashindano kabla hajaichukua, akatuonyesha thamani ya gari la mkono wa pili katika mikono inayojua. Lakini gari lililokimbia linaacha alama: matundu ya taa za ziada, bamba la kukinga injini, viungo vilivyoongezwa chuma, picha, karatasi za washiriki zenye namba ya usajili. Pasipo hivyo, hadithi isiongeze hata shilingi moja. Mwambie muuzaji kwa upole kwamba unanunua gari, na hadithi atakuongezea bure.

Turudi kwenye Land Rover ya Ewuaso. Injini ilikuwa ya petroli, ya silinda nne, ile ya sentimita za ujazo 2,286. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Nyingi za bonde hili zilitolewa injini hiyo zikatiwa dizeli ya Toyota au Isuzu, na sina haki ya kumlaumu aliyefanya hivyo. Mtu mwenye maziwa ya kufikisha sokoni kabla hayajachacha anahitaji injini yenye spea Grogan, mtaa wa vipuri Nairobi, si injini yenye asili. Ila fahamu kwamba gari la namna hiyo lina bei mbili. Kwa mtu wa kazi dizeli inapandisha. Kwa mtu anayetaka gari la kupeleka kwenye Concours d'Elegance kule Ngong Racecourse, ambako magari ya zamani hushindanishwa, inashusha. Na injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa kwenye rekodi ni mzigo utakaoubeba wewe.

Gari hizi zina tundu chini ya redieta kwa ajili ya hendeli ya kuwashia. Tulitoa plagi zote, tukamimina oili kidogo kwenye kila silinda, tukanywa chai ya pili na ya tatu. Kisha mjukuu akaingiza hendeli na kusukuma taratibu. Haikusogea. Akajaribu tena. Mara ya tano ilisogea kama upana wa vidole viwili, ikakwama, ikaachia, na ghafla ikazunguka mzunguko mzima huku maji ya kutu yakiruka kwenye matundu ya plagi. Mzee, ambaye hakuwa amesema neno kwa saa nzima, alisimama.

Injini inayozunguka kwa mkono si injini nzima. Ila ni injini inayoweza kutengenezwa, na tofauti hiyo kwa fundi ni pesa nyingi.

Basi, ni ya pesa ngapi? Njia ninayoifuata inaanzia mwisho. Kwanza tafuta bei ya gari la aina hiyo likiwa limekamilika, linatembea na lina karatasi safi. Ongea na watu watatu walionunua, si watatu wanaouza. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyopita miaka 8, kwa hiyo zilizomo nchini ndizo zilizomo, na kiwanda cha Solihull kilifunga ukurasa wa Defender ya zamani Januari 2016. Bei za gari hizi hazina sababu ya kushuka. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, umeambiwa 1,200,000. Sasa kaa na fundi wako mbele ya alama za chaki. Chesisi 150,000, ukuta wa mbele 90,000, injini na gia boksi 160,000, breki na tairi 110,000, umeme na viti 60,000, rangi 80,000, kuvuta gari na karatasi 50,000. Jumla 700,000. Ongeza robo yake, 175,000, kwa yale ambayo nyundo haikuyafikia, kwa sababu yapo. Sijawahi kufungua gari kuukuu nisiyakute. Kinachobaki ni 325,000. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa unayoweza kulipa bila kujiumiza. Tarakimu zako zitakuwa nyingine, lakini mpangilio usibadilishe. Wanaoanza na bei ya muuzaji na kupunguza kwa maneno huishia na gari lisilokwisha, na uwanja wa nyumba yao unakuwa Ewuaso ya pili.

Kagua pia vilivyokosekana. Kutu ina fundi. Kitu kisichokuwepo hakina. Sehemu za juu za milango, saa za dashibodi, bawaba, vishikio vya paa: hivi vidogo ndivyo vitakavyokuzungusha Industrial Area mwezi mzima.

Ipo bei ya chini pia, na msomaji aijue kwa sababu muuzaji anaijua. Ni bei ya kilo. Viwanda vya kuyeyusha chuma viko Athi River, mwendo mfupi kutoka Kitengela, na malori ya vyuma kuukuu hupita mabomani. Land Rover ndefu ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na alumini yake hununuliwa ghali kuliko chuma. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu, ikairuhusu tena mwezi Mei. Kwa miezi ile magari mengi yalipumua. Sasa malori yanapita tena. Mnunuzi anayemtolea mzee bei ya kilo kwa gari ambalo anajua atalifufua hanunui kwa ujanja, anadhulumu. Nilimwonyesha mzee daftari langu lote, mistari ya gharama na kilichobaki chini. Alilisoma polepole, akamwita kijana wake naye asome.

Tulichobakiza kilikuwa karatasi, na mali bila daftari hupotea bila habari. Mama mzazi wa mzee, aliyepita miaka 90, alitoa sanduku la bati chini ya kitanda. "Yeyo, mama," nikamwambia, "taratibu, tuna muda." Ndani mlikuwa na risiti za dipu, picha za ubatizo, na logibuku ya zamani iliyokunjwa mara nne. Namba ya chesisi ilikuwa ileile tuliyoisoma kwa chaki, na ile tarakimu ya mashaka ilikuwa 8. Jina lilikuwa la marehemu.

Hapo ununuzi ulisimama, na ulipaswa kusimama. Gari la marehemu ni sehemu ya urithi wake. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hakuna mtoto anayeweza kuliuza kwa sababu tu limesimama kwenye boma lake. Familia huanza kwa barua ya chifu, inakwenda mahakamani, inapata hati ya usimamizi wa mirathi, na kwa kawaida inasubiri miezi 6 kabla ya hati hiyo kuthibitishwa. Baada ya hapo ndipo msimamizi anaweza kuhamisha umiliki kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, na kabla ya pesa kutoka unaomba nakala ya rekodi hapo hapo uone jina na namba kwa macho yako. Wapo watakaokuambia lipa sasa, karatasi zitafuata. Usilipe. Utakuwa umenunua vyuma kwa bei ya gari, na siku ndugu mwingine wa marehemu akitokea hutakuwa na neno la kumjibu.

Tuliandika bei tuliyokubaliana, wakatia sahihi wana wote wa marehemu waliokuwepo, na nikarudi Ngong bila gari. Kabla ya kuondoka tulilinyanyua kwa jeki, tukaweka magogo chini ya ekseli, tukafungua mifereji ya chesisi na kutoa vumbi ndoo mbili na nusu, tukaezeka mabati manne juu. Mbuzi hawakufurahi.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna gari limelala chini ya mti, fanya mambo mawili wiki hii, hata kama huna nia ya kuliuza wala kulinunua. Itafute logibuku, uipige picha. Kisha lala chali na tochi, usome namba iliyo kwenye chesisi, uiandike mahali ambapo watoto wataiona, kabla kutu haijaila na kabla lori halijapita.